Nusu ya Cheti

Manolo, Shume
18 Januari 1998

Mchumba wangu Mwanaheri,

Katika milima hii yote, kuanzia pale Mombo barabara inapoanza kupanda hadi Mtae kwenye ukingo wa dunia, hakuna mtu aliyesoma kwa njia ya posta akamaliza, akaletewa cheti chenye mhuri, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni mimi babu yako. Kwa hiyo umefanya jambo la akili kunitumia hizo karatasi mbili za vyuo vya kompyuta ili nikuchagulie. Ungempelekea mwalimu mkuu, angetazama bei tu. Mimi natazama kwa jicho la mtu aliyepita njia hiyo.

Haya, usicheke. Nakusikia mpaka huku. Najua shangazi yako Saumu amekwisha kukwambia kwamba hicho cheti hajawahi kukiona tangu azaliwe. Ni kweli, hajakiona, maana humu ndani hakimo. Nimeanza kwa uongo ili barua ichangamke. Ukweli ni kwamba cheti changu ni nusu, na hiyo nusu iko Amani kwa watu.

Mwaka 1962 nilikuwa kwenye kiwanda cha mbao hapa Shume na kijana mmoja wa Kilutheri, Kornelio. Tukajiandikisha kozi ya kutengeneza redio kwenye chuo cha ng'ambo. Watu wawili, kozi moja. Tukagawana kama tunavyogawana maji ya mfereji bondeni: leo zamu yako, kesho zamu yangu. Somo la kwanza Kornelio, la pili mimi, la tatu yeye, la nne mimi, mpaka la kumi na mbili. Jina tuliandika lake, kwa sababu barua zilifikia sanduku la kanisa lao pale Lushoto. Basi cheti kilipokuja kilikuja na jina moja, na sina haja ya kukutajia la nani. Akapata kazi kwenye karakana ya kituo cha utafiti Amani, akaondoka na cheti, na bisibisi yangu ya mpini mwekundu juu yake. Ndiyo maana mpaka leo naweza kufungua redio yoyote utakayoniletea, ila kuifunga siwezi. Kufunga kulikuwa kwenye masomo ya Kornelio.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alikufa hampi mtu yule mkono.

Sasa karatasi zako. Nimezisoma kwa miwani ya Hassani jirani, ambayo ina kioo kimoja, kwa hiyo nimezisoma mara mbili. Ile ya manjano inasema vitabu vyote vinakuja kwa mkupuo, hakuna mtihani, miezi sita tu na cheti chenye mhuri wa dhahabu mkononi. Ina picha ya msichana anaicheka kompyuta kama ameletewa mahari. Ile ya buluu haina msichana. Inasema kitabu kinakuja kimoja kimoja, unajibu maswali, unarudisha, wanasahihisha, na mwisho unakwenda Tanga kufanya mtihani mbele ya msimamizi na mbele ya mashine yenyewe. Na ada yake ni ya kumwuza mtu na ng'ombe wake.

Mimi nasema buluu. Hawa wa manjano wanakubembeleza mno, na mtu hambembelezi mwanafunzi kama ana kitu cha kumfundisha. Hiyo ada tafuta wa kuchangia naye. Lakini uangalie sana jina la nani linaandikwa. Yaliyonikuta mimi yanatosha kwa ukoo mzima.

Najua unataka kutoka kwenye moshi wa maandazi ya shangazi yako. Utatoka. Msalimie, mwambie aniletee chumvi, ya huku ina mchanga.

Babu yako,
Abubakari Shechambo
(mwenye nusu cheti)


Mazinde
9 Februari 1998

Babu, shikamoo.

Barua yako Issa wa fuso la kabichi aliileta imeloa, lakini inasomeka. Shangazi aliifungua kabla yangu, nisamehe, akacheka mpaka maziwa yakamwagika jikoni. Chumvi nimempa Issa, mifuko miwili.

Nimefuata neno lako, nachagua buluu. Babu, sisemi kwa kujidai, lakini hii ndiyo nafasi yangu. Kwenye barabara hii tuko wasichana sita wenye daraja la tatu la kidato cha nne, na wote sita tunakaanga kitu. Siku hizi kila ofisi mpya inayofunguliwa inaweka tangazo, na kila tangazo linasema ajue kompyuta. Sijawahi kuona tangazo linalosema ajue maandazi.

Sasa sikia. Juzi stendi ya Mombo nimekutana na Glory, tuliyesoma naye darasa moja. Naye alikuwa na karatasi ya buluu mkobani! Ndipo akanionyesha kitu ambacho sikukiona, nyuma kabisa, kwa maandishi madogo: wanafunzi wawili wa anwani moja wanalipia seti moja ya vitabu. Mtihani kila mtu analipia wake, na cheti kila mtu anapata chake. Kwa hesabu hiyo tunaweza. Fomu ina mistari miwili ya majina na mmoja wa anwani. Glory anasema tuandike sanduku la posta la baba yake Lushoto, maana sisi hapa Mazinde hatuna.

Nilikuwa nataka kumkumbatia pale pale. Halafu akaniambia, "Babu yangu ndiye aliyenitia hamu, yeye alisoma redio kwa posta zamani, yuko Amani." Nikamwuliza jina. Akasema Kornelio.

Nikamwambia nitauliza nyumbani kwanza.

Babu, siyo kama ile yenu. Vyeti ni viwili. Lakini vitabu vitafikia kwao kwanza, na ninyi mnajua mliyotendeana. Nikubali? Mwisho wa kurudisha fomu ni tarehe 31 Machi. Nijibu upesi, mvua hizi zikizidi barabara ya Soni itakatika.

Mjukuu wako mtiifu,
Mwanaheri


Manolo
22 Februari 1998

Mchumba,

Katika wasichana wote wa wilaya hii, wenye macho na wenye makengeza, ukaenda kumwokota mjukuu wa Kornelio! Una bahati kama ya babu yako.

Mimi sikukatazi. Nani ananisikiliza siku hizi? Lakini vitabu vikishaingia kwenye lile sanduku, utakapoviona uniandikie ni vya rangi gani, maana mimi nusu yangu naingoja mwaka wa thelathini na sita huu. Muulize huyo Glory kwao wanafungulia chupa kwa kitu gani. Kama ni bisibisi ya mpini mwekundu, nisalimie.

Huku kunanyesha mpaka vyura wameomba likizo. Kabichi zimeoza chini, zinanuka kijiji kizima. Athumani aliniletea redio yake juzi, nimeifungua. Bado iko wazi.

Fanya uonavyo, ila usije ukasema babu hakuniambia.

Abubakari


Mazinde
3 Mei 1998

Babu, shikamoo.

Umenyamaza sana, au ni barabara. Tulisikia Soni pamekatika wiki mbili, watu wanashuka huku wanavuka kwa miguu na mizigo kichwani.

Nilingoja neno lingine kutoka kwako mpaka tarehe 28 Machi. Halikuja, nikaona lile la kwanza ndilo neno. Nikaenda Mombo nikamwambia Glory sitaki anwani ya kwao. Akaniuliza kwa nini. Nilipaswa kusema nimekosa hela, Babu, ingeisha. Badala yake nikamwambia, "Ukoo wenu una mazoea na vyeti vya watu." Stendi nzima wakanigeukia. Glory hakunitukana. Alisema tu, "Unamsema babu yangu?" Nikasema, "Namsema mwizi." Akaingia ndani ya basi, akakaa upande wa pili ili asinione dirishani.

Peke yangu buluu siiwezi. Nimechukua manjano. Najua ulisema nini, lakini kulikuwa hakuna nyingine, na mwaka ungepita nikiwa na unga mikononi. Vitabu vimefika vyote ndani ya bahasha moja, saba, vimepigwa fotokopi mpaka picha zimekuwa masizi. Kimoja chote ni historia ya kompyuta. Kingine kina picha ya kibodi, yaani lile bao la herufi. Nimeichora kwenye kadibodi la boksi la sabuni, kila herufi mahali pake, na kila nikimaliza vyombo ninapiga kwa vidole bila kutazama. Madereva wanasema Saumu ana mpiga kinanda. Nimeshazijua zote, Babu, hata ukinifunga macho.

Mjukuu wako,
Mwanaheri


Manolo
1 Juni 1998

Mwanaheri,

Barua nimeipata. Mhuri wa dhahabu nao ni mhuri, tutautundika ukutani mahali pa ule wangu, wavu wa buibui utapata kazi.

Nilikwisha kukuandikia mwezi Machi. Naona ilipotea pale Soni barabara ilipokatika. Haikuwa na jambo kubwa, habari za mbuzi tu.

Huyo Glory alichukua chuo gani? Nauliza tu.

Hassani anadai miwani yake, kwa hiyo naishia hapa.

Babu yako


Mazinde
14 Machi 1999

Babu, shikamoo.

Nimekaa na barua hii siku nne.

Unajua kwamba cheti kilikuja mwezi wa kumi na moja na Shangazi akakitia kwenye fremu. Nimeomba kazi sehemu tano. Wiki iliyopita nikaitwa Lushoto, ofisi moja mpya ya wanunuzi wa mboga, nyuma ya soko, wanapeleka njegere Ulaya kwa ndege. Wanataka mtu wa pili wa kompyuta. Shangazi alinishonea sketi.

Mkuu wao anaitwa Bwana Yohane, mtu mpole. Alikichukua cheti, akakitazama, akaugusa mhuri kwa ukucha. Dhahabu ikabandukia kwenye ukucha wake kama karatasi ya pipi. Akajifuta kwenye kitambaa, akaniambia, "Haya dada, kaa pale, washa, umwandikie mkulima mmoja barua kwamba njegere zake zimepokelewa."

Nikakaa. Nikabonyeza kitufe cha kwenye kioo. Giza. Nikabonyeza tena. Giza, Babu. Mle chumbani kulikuwa na dada mwingine mezani kwake amenipa mgongo. Akainuka, akainama kama anaokota kalamu, akabonyeza sanduku lililokuwa chini ya meza, akarudi kukaa. Ikalia, ikawaka. Hapo ndipo nilipomwona uso. Ni Glory.

Herufi nilizijua. Kadibodi lilinifundisha kila moja ilipo. Lakini kadibodi halikuwahi kunionyesha kosa langu hata siku moja. Kila nilichopiga kilitokea kwa herufi kubwa, nikikosea sijui kufuta, nikifuta kinafutika kile nilichokitaka. Niliandika mistari miwili kwa nusu saa. Bwana Yohane akapiga simu namba iliyo kwenye cheti ili awaulize. Ikapokelewa na duka la matairi. Akaniambia kwa upole, "Rudi ukasome, dada, utakuja tena." Afadhali angenifokea.

Glory alinifuata nje na kikombe cha chai. Aliimaliza buluu mwezi wa kumi na mbili, baba yake aliuza ng'ombe. Akasema, "Vitabu vyangu vyote ninavyo. Kwenye fomu yangu mstari wa pili uko mtupu mpaka leo, chuo wanaruhusu kuujaza mpaka mwisho wa Juni. Wewe utalipia mtihani tu." Nikashindwa kunyanyua uso.

Ndipo akaniambia jambo hili. Anasema kila Krismasi, kabla hawajala, babu yake husimama akasema: kuna mtu mmoja Manolo, Mwislamu, alitembea mara kumi na mbili kwa ajili yangu, na bila miguu yake sisi tusingekuwa mezani hapa. Watoto wote wa ule ukoo wanalijua jina lako. Wanakuombea, Babu.

Mimi nilimwita mwizi stendi watu wakisikia. Chai sikuinywa, nikapanda gari.

Nieleze. Nani alimwibia nani nini?

Mwanaheri


Manolo
28 Machi 1999

Mwanaheri mjukuu wangu,

Leo sikuiti mchumba.

Hakuna aliyeibiwa kitu.

Zamu tuligawana kweli. Somo la kwanza alifanya Kornelio. La pili nilifanya mimi, naye alikuwa pembeni yangu ananitafsiria, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza na mimi niliishia darasa la nne. Nilipata alama sitini na mbili. Kile kijikaratasi ninacho mpaka sasa, ndani ya Msahafu. Likaja la nne, lenye hesabu za nukta, nukta hii mbele ya ziro, ile nyuma ya ziro. Nilikaa nalo wiki tatu. Nikamwambia Kornelio kiwandani wamenipa zamu mbili, sina nafasi, afanye yeye. Hakuniuliza. Alifanya la nne, na la sita, na yote. Nami ndiye niliyetengeneza kisa kwamba nilisoma nusu.

Nilichofanya ni kutembea. Kornelio mguu wake mmoja ulipondwa na gogo mwaka ule ule, hakuweza kufika Lushoto. Basi mimi nikawa namchukulia bahasha. Natoka alfajiri nashukia Magamba, narudi na giza. Mara kumi na mbili. Na nitakuambia kitu ambacho sikumwambia hata bibi yako: nilikuwa napenda. Watu njiani wananiuliza, "Shechambo, hiyo nini?" Nasema, "Mitihani yangu kutoka ng'ambo." Wananipisha njia! Wasichana wa Magamba walikuwa wananipisha njia. Bibi yako alikuwa mmoja wao. Alikubali kuolewa na mtu wa redio.

Sasa cheti kikaja na jina la Kornelio tu. Ningemwambiaje mke wangu? Nikamwambia Kornelio ameniibia. Nilidhani itakuwa ya wiki moja. Lakini watu wakanionea huruma, na huruma, mjukuu wangu, ukiizoea ni tamu kuliko heshima, maana haikutaki uamke mapema. Siku Kornelio anahamia Amani alikuja na vitabu vyote kumi na viwili amevifunga kamba, akasema, "Chukua, utajisomea polepole, nitakuwa nakuandikia." Nilivikataa mlangoni ili bibi yako aone nimekasirika.

Kuhusu redio: kuifungua hakuhitaji somo. Mimi nazifungua kwa ncha ya kisu.

Bado moja, na hili ndilo baya. Uliponiandikia mwaka jana habari ya Glory, nilikujibu upuuzi. Baadaye, tarehe 10 Machi, nikaandika barua ya pili. Ilikuwa na mistari minne: kubali anwani yao, Kornelio ni mtu mwema, mimi nilisema uongo, nisamehe. Issa alipita na fuso lake mara tatu kabla barabara haijakatika. Mara tatu nilimwona akipakia pale mbele ya mlango wangu. Barua ilikuwa chini ya godoro. Nilikuambia ilipotea Soni, pale daraja lilipochukuliwa na maji; mwaka ule kila mtu alilisingizia lile daraja. Daraja halikula kitu changu.

Nilikuchagulia chuo sawasawa, halafu nikakufungia mlango wake. Miaka thelathini na saba nalinda nusu ya kitu ambacho sikuwa nacho, na wewe ndiye uliyelipa.

Nenda kwa Glory. Juni haijafika.

Abubakari


Mazinde
20 Aprili 1999

Babu,

Barua nimeipata.

Kwa Glory sitakwenda. Sina uso wa kumtazama nao. Mambo ya kompyuta nimeyaacha, Shangazi amenipa zamu ya jioni pia.

Kadibodi nimewashia moto.

Mwanaheri


Manolo, Shume
6 Mei 1999

Kwa Kornelio, Amani

Mbuya, rafiki yangu wa zamani,

Usianguke. Ni mimi, Abubakari, sijafa, na sijatumwa na mtu aliyekufa. Nimeomba anwani yako kwa mzee wa kanisa lenu hapa Manolo, akaniandikia kwa shingo upande, alidhani nataka kukushtaki.

Bila shaka mjukuu wako Glory alikueleza yaliyompata stendi ya Mombo mwaka jana. Aliyemtukana ni mjukuu wangu, lakini tusi lilikuwa langu. Yeye alilibeba tu, kama mimi nilivyobeba bahasha zako, na hakujua ndani mna nini. Miaka yote hii nimewaambia watu uliniibia cheti. Nimewaambia msikitini, nimewaambia sokoni, nimemwambia daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbuzi. Sasa nimeanza kuwaambia kinyume chake. Hassani jirani amekasirika, anasema nimemharibia hadithi anayoipenda. Athumani amechukua redio yake, bado iko wazi, ameifunga kwa kamba ya katani, na cha ajabu inasema.

Nimeambiwa pia habari ya Krismasi. Kornelio, hiyo umenionea. Mtu akikuchukia unapata la kufanya, unamchukia. Sasa mtu anayekuombea kila mwaka huku wewe unamwita mwizi, utamfanya nini? Ungenitumia hata barua moja ya matusi ningepata nafuu.

Mjukuu wangu ameacha kunitolea shikamoo. Barua yake ya mwisho ina mistari michache, nimeitafuta hiyo shikamoo mbele na nyuma, nikaitazama na upande wa bahasha. Haimo. Kwa umri wangu watu wanaopaswa kuniamkia ni wengi, hata watoto wasionijua wananiamkia njiani, lakini nimegundua nilikuwa naihesabu hiyo moja. Sikusudii uniombee kwake. Hiyo nitaingoja mwenyewe, na isipokuja nitajua kwa nini.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Glory alimwambia mjukuu wangu Mwanaheri kwamba fomu yake ina mstari mtupu mpaka mwisho wa Juni, naye anaona aibu kuuendea. Anakaa Mazinde anakaanga maandazi asubuhi na jioni. Herufi zote za kompyuta anazijua gizani, kajifundisha kwenye boksi la sabuni. Mimi sikuweza hata nukta, yeye ameweza kwa boksi. Na mtu huyo anaona aibu kwa uongo ambao mimi nilimwoa nao bibi yake.

Namjua, ni kama mimi. Ukimpelekea msaada ataukataa mlangoni. Mimi nilivikataa vitabu kumi na viwili mlangoni, unakumbuka vilivyokuwa vizito, ukavibeba tena na mguu ule.

Kwa hiyo siombi msaada. Nadai. Cheti ulikipata kwa kichwa chako, alama zako ni zako. Lakini bisibisi, Kornelio, bisibisi ya mpini mwekundu ni yangu. Ulisema, "Abubakari, naazima, nitakurudishia," nami nikasema hakuna haraka. Basi sasa kuna haraka. Kama imeshika kutu usiisugue, ije ilivyo. Kama umeipoteza, nunua nyingine uipake rangi, mimi macho yangu ya kioo kimoja hayatajua.

Usinitumie huku Manolo. Mpe Glory ateremke nayo mpaka Mazinde, mgahawa wa Saumu, pale mafuso ya kabichi yanaposimama. Amkabidhi Mwanaheri mkononi, aseme hii ni mali ya babu yako, nimeagizwa nisiondoke mpaka nikione kinachofunguliwa nayo. Asikubali ipokelewe mlangoni. Aingie, akae, anywe chai. Na kama kwenye mkoba wake itatokea kuna fomu ya buluu yenye mstari mtupu, hilo mimi silijui kabisa. Mimi nimedai bisibisi tu.

Aliyekuwa miguu yako,
Abubakari Shechambo